Chupa ya Paisley na Gunia la Thika

Zamani mtu alimjua aliyemtengenezea kitu. Jembe lilifuliwa na mhunzi wa kijijini, chungu kilifinyangwa na mama aliyejulikana kwa jina, na nafaka ilitoka katika ghala la jirani. Jembe likivunjika kabla ya palizi kwisha, mkulima alilirudisha kwa mhunzi, wakasemezana mbele ya wazee, na aliyekosa akalipa.

Hali hiyo imebadilika. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na baada yake vikaja viwanda. Leo msafiri atokaye Ruiru na Theta kwenda Thika hupita katika nchi ya kazi nyingi: hapa chuma huyeyushwa, pale nguo hufumwa, na kwingine mananasi hutiwa makoponi na mafuta ya kupikia hujazwa katika madebe. Vitu hivyo huenda mbali. Anayevitengeneza hamjui atakayevitumia, na anayevitumia hamjui aliyevitengeneza. Kati yao wamesimama mwenye ghala, dereva wa lori, mwenye duka la jumla na mwenye duka la rejareja. Basi ikiwa ndani ya kopo mna kitu cha kudhuru, mlaji amwendee nani?

Katika insha hii nitaeleza jinsi sheria ilivyolijibu swali hilo, jinsi jibu lenyewe lilivyofika Kenya, na jinsi lilivyowagusa watu wa namna tatu: mlaji, mwenye kiwanda na wakili. Kisha nitaonyesha mahali ambapo jibu hilo, pamoja na uzuri wake, halikufika.

Kwa muda mrefu jibu la sheria ya Kiingereza lilikuwa kali. Dereva mmoja wa gari la farasi lililochukua barua, jina lake Winterbottom, aliumia baada ya gari lake kuvunjika njiani. Mtu aliyekuwa na kazi ya kulitengeneza gari hilo, jina lake Wright, alikuwa amefanya mkataba na mkuu wa posta, wala hakufanya mkataba na dereva. Mwaka 1842 mahakama ikaamua kwamba, kwa kuwa hapakuwa na mkataba kati ya watu hao wawili, dereva hakuwa na dai. Majaji walihofia kwamba mlango ukifunguliwa, kila abiria na kila mpita njia aliyeumizwa na gari atakuja mahakamani, na mashtaka hayatakuwa na mwisho.

Fikira hiyo ilidumu karibu miaka 90. Katika jimbo la New York, nchini Marekani, ilivunjwa mapema zaidi. Mwaka 1916 Jaji Cardozo aliamua kwamba kampuni ya motokaa ya Buick ilipaswa kumlipa mtu aliyeumia gurudumu la mbao la gari lake lilipovunjika, ingawa gari lenyewe alilinunua kwa mfanya biashara mwingine. Lakini hukumu ya New York haikuwafunga majaji wa Uingereza. Hao walihitaji kesi yao wenyewe, na kesi hiyo ililetwa na mwanamke maskini.

Usiku wa tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue, mwanamke aliyefanya kazi ya kuuza duka mjini Glasgow, alikuwa katika mkahawa mmoja huko Paisley, mji ulio jirani katika nchi ya Scotland. Rafiki yake alimnunulia aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo kizito chenye giza, isiyomwonyesha mtu kilichomo. Mwenye mkahawa akamimina kiasi, Bi Donoghue akanywa. Rafiki yake alipomimina iliyosalia, kwa maelezo ya Bi Donoghue, akatoka konokono aliyeoza. Baadaye mwanamke huyo aliugua tumbo, akahitaji kutibiwa.

Angalieni ugumu wa jambo lake. Soda hakuinunua yeye, bali rafiki yake. Kwa hiyo hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Mwenye mkahawa naye hakuwa na njia ya kuuona uchafu ndani ya chupa iliyozibwa kiwandani. Na mwenye kiwanda, David Stevenson wa Paisley, hakuwa na mkataba na yeyote kati ya marafiki hao wawili. Kwa sheria ya Winterbottom, Bi Donoghue alikuwa ameugua bure.

Alimpata wakili wa Glasgow aliyeitwa Walter Leechman. Wakili huyu alikuwa ametoka tu kushindwa. Aliwatetea watu waliodai kwamba waliona panya waliokufa ndani ya chupa za soda kama hiyo, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na mnamo Machi 1929 mahakama ya Scotland ikawakatalia. Wakili mwingine angalilifunga jalada na kutafuta kazi yenye faida. Leechman alifungua shauri la Donoghue majuma machache tu baada ya kushindwa huko, akamdai Stevenson pauni 500.

Shauri lilipanda ngazi kwa ngazi hadi Baraza la Malodi mjini London, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho. Kupanda huko kulihitaji fedha, na Bi Donoghue hakuwa nazo. Ikambidi aape kwamba mali yake yote duniani haikufika thamani ya pauni 5, ndipo akaruhusiwa kuendelea na rufani kama fukara, bila kuweka dhamana ya gharama. Mawakili wake nao walifanya kazi pasipo kuwa na hakika ya malipo.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Mei 1932. Majaji walikuwa watano. Watatu walimkubalia na wawili walimkatalia. Lodi Atkin, aliyekuwa miongoni mwa wale watatu, aliianzisha hoja yake katika mafundisho ambayo kila mtu aliyajua. Dini, alisema, humwamuru mtu ampende jirani yake. Sheria humwamuru asimdhuru jirani yake. Lakini jirani ni nani? Akajibu kwamba jirani ni kila mtu ambaye tendo langu laweza kumgusa kwa karibu, hata nipaswe kumfikiria ninapolitenda. Mwenye kujaza chupa ajua kwamba mtu atainywa soda yake, na ajua kwamba hakuna atakayeichungulia katikati ya safari. Basi mnywaji ni jirani yake, ajapokuwa hajapata kumwona.

Yafaa tujue kwamba Baraza la Malodi halikuulizwa kama konokono alikuwamo. Liliulizwa tu: ikiwa maneno ya mwanamke ni kweli, je, analo dai? Likajibu kwamba analo. Ushahidi wa chupa ulikuwa usikizwe baadaye huko Scotland, lakini Stevenson alifariki mwaka ule ule wa 1932, na shauri likamalizwa kwa mapatano. Hivyo konokono aliye mashuhuri kuliko wote katika historia ya sheria hakuthibitishwa kamwe kwamba alipata kuwa ndani ya chupa ile.

Sheria hiyo ilifikaje Kenya? Msingi wake uliwekwa zamani. Amri ya mwaka 1897 iliyotolewa na serikali ya Kiingereza ilitaka mahakama za Afrika ya Mashariki zifuate sheria ya desturi ya Uingereza ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na baada ya uhuru Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 iliitaja tarehe hiyo hiyo. Mwaka 1931 Kenya ilipata sheria ya uuzaji wa bidhaa, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1893. Sheria hiyo humlinda mnunuzi dhidi ya aliyemwuzia, na hapo ndipo ulipo mpaka wake: haimfikii mwenye kiwanda, wala haimsaidii mtoto aliyekula kilichonunuliwa na mama yake.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na hukumu ya Paisley. Mwaka 1935 Baraza la Mfalme mjini London, lililosikiliza rufani za makoloni, lilipokea shauri kutoka Australia la daktari aliyepata ugonjwa wa ngozi kwa kuvaa nguo za ndani za sufu. Ndani ya nguo hizo mlisalia dawa iliyotumiwa kiwandani. Baraza lilimpa haki, likasema kwamba kanuni ya chupa ni kanuni ya nguo pia. Baraza hilo ndilo lililokuwa juu ya mahakama za Kenya wakati wa ukoloni. Kwa njia hiyo neno la Lodi Atkin juu ya jirani likawa neno la kutajwa katika mahakama zetu, na hutajwa hata leo.

Sasa tutazame matokeo yake kwa wale watu watatu.

Wa kwanza ni mlaji. Yeye alipata jambo ambalo babu yake hakuwa nalo: uwezo wa kumvuka mwenye duka na kumshika mwenye kiwanda. Lakini uwezo huo una masharti. Lazima aonyeshe kwamba kitu kilikuwa na kasoro, kwamba kasoro ilitokea mikononi mwa mtengenezaji, na kwamba madhara yalitokana na kasoro hiyo. Anayetupa chupa kwa hasira ametupa ushahidi wake. Anayeifungua mbele ya mashahidi, akaihifadhi pamoja na kizibo na risiti, akaenda hospitali siku ile ile, huyo ana jambo la kusema. Wala asikawie, maana katika sheria ya Kenya dai la uzembe kwa kawaida lina miaka 3 tu, na dai la mkataba miaka 6.

Wa pili ni mwenye kiwanda. Geuzeni kopo lolote juu chini, nanyi mtaona namba ndogo zilizopigwa kwenye kitako. Namba hizo hutaja siku ambayo kopo lilijazwa, na mara nyingi fungu lilimotoka. Kopo moja likionekana baya, kampuni huweza kuyaita yale ya fungu lile tu badala ya kuyatupa yote. Hofu ya mahakama ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya wenye viwanda kuweka namba, kupima mali kabla ya kuiuza, kuandika maonyo na kukata bima. Gharama ya mambo hayo haitoki mbinguni. Huongezwa katika bei, na mlaji huilipa senti kwa senti. Tena hofu ikizidi yaweza kuangusha. Huko Marekani kampuni ya Johns-Manville, iliyotengeneza vitu vya asbesto, ilikimbilia ulinzi wa sheria ya kufilisika mwaka 1982, kwa kuelemewa na madai ya watu walioharibika mapafu kwa vumbi lake. Kampuni ikifilisika, atakayeugua kesho huenda akakuta sanduku limebaki na kidogo. Na wako pia watu waovu wanaotia uchafu katika chupa kwa mikono yao wakitafuta fidia. Kwa ajili yao mahakama hudai ushahidi mkali, na mkweli huteseka pamoja na mwongo.

Wa tatu ni wakili. Bila Leechman hakuna hukumu ya Paisley, na bila tumaini la malipo mawakili kama yeye ni wachache. Marekani imelitatua jambo hili kwa njia yake: wakili hukubali kufanya kazi bure akishindwa, na akishinda huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi. Njia hiyo humfungulia maskini mlango, lakini pia huwashawishi baadhi ya mawakili kutafuta kesi kama mvuvi atafutavyo samaki. Kenya imeshika njia nyingine. Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya kumlipa wakili endapo atashinda tu. Hivyo heshima ya kazi imelindwa, ila mtu aliyeugua siku tatu kwa chakula cha shilingi mia huona kwamba ada ya wakili yapita dai lake, naye hunyamaza. Ndipo watu husema kwamba mnyonge hana haki.

Hata hivyo mlaji, mwenye kiwanda na wakili hao wote wana jambo moja wanalolitegemea, nalo ni jina. Chupa ya Paisley ilikuwa na jina la Stevenson. Kopo lina jina, na dawa ina jina. Je, kisichokuwa na jina?

Kati ya Januari na Julai 2004 watu katika sehemu za mashariki na kati za Kenya walianza kuugua ini. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na wengi wakafa. Waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Ugonjwa haukuwa wa kuambukizana. Ulitoka katika mahindi, yaani chakula cha kila siku. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua zisizo za msimu, yakahifadhiwa na unyevu wake, yakaota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwa maana mwaka 1981 sumu iyo hiyo ilikuwa imeua watu huko Machakos.

Wachunguzi waliingia katika masoko ya wilaya nne: Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Walipita masoko 65, wakachukua mahindi na unga kwa wauzaji 243. Katika vipimo 350 walivyovichukua, asilimia 55 vilipita kiasi kilichoruhusiwa na serikali wakati huo, yaani sehemu 20 za sumu katika sehemu bilioni moja. Asilimia 7 vilipita sehemu 1,000. Sumu ilikuwa katika magunia yaliyofunguliwa sokoni, yakipimwa kwa gorogoro, na watu wakinunua chakula cha jioni.

Sasa lileteni shauri hilo mbele ya Lodi Atkin. Mama amenunua gorogoro mbili za mahindi, akayapeleka kwenye kinu cha posho, akawapikia watoto ugali. Mtoto amekufa. Mama amshtaki nani? Muuzaji aliyanunua kwa mchuuzi mwenye lori. Mchuuzi aliyakusanya kwa wakulima ishirini, debe hapa na debe pale, akayachanganya katika gunia moja. Mkulima mwenyewe alikula mahindi yale yale, na pengine amemzika mtoto wake. Hapana risiti, hapana namba, na mahindi yenyewe yamekwisha kuliwa. Ujirani upo, kwa kuwa wote hao walijua kwamba mtu atakula. Lakini mnyororo wa ushahidi umekatika katika kila pingili. Hekima yote ya Baraza la Malodi ingaliishia mlangoni pa soko.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilifaa katika soko ambalo jicho la mnunuzi liliweza kuhukumu. Sumukuvu haihukumiwi kwa jicho, na kwa hiyo kibaya nacho chaweza kujiuza.

Baada ya hapo sheria za Kenya zimesonga mbele. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 imeruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi la watu waliodhurika pamoja naye, ili madai madogo yaunganike yawe dai kubwa. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu huweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Nalo Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1974, lilionyesha mnamo Novemba 2019 faida ya jina. Lilipoona sumukuvu kupita kiasi katika unga wa mahindi, lilisimamisha aina tano za unga na kuwataka wenye viwanda wauondoe madukani. Lingewezaje kufanya hivyo kama pakiti zingekuwa hazina majina? Sisemi kwamba unga wa pakiti ni safi daima. Tukio lenyewe laonyesha kwamba sivyo. Nasema kwamba pakiti mbaya ilijulikana ni ya nani, ikaitwa irudi.

Kazi iliyobaki, basi, ni kulipa gunia jina. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 imekusudia hilo kwa sehemu: mkulima apeleke nafaka katika ghala lililokubaliwa, ipimwe uzito na ubora, kisha apewe hati. Nafaka hutakiwa kukaushwa hata unyevu wake usizidi asilimia 13.5, nacho kipimo cha unyevu ni chombo ambacho chama cha ushirika chaweza kukinunua. Gunia lililokaushwa, likapimwa na kuandikwa jina la ghala lililolitoa, ni gunia ambalo mtu aweza kuliuliza swali.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi mtakuwa wakulima, wachuuzi, wenye vinu, mafundi wa viwanda vya Thika na Ruiru, na baadhi yenu mtakuwa mawakili na majaji. Kila mmoja wenu atashika kwa muda mfupi kitu kitakachokwenda kwa mtu asiyemjua. Mahakama humjia mtu huyo baada ya madhara, wala haimrudishi aliyekufa. Bora nafaka ianikwe siku mbili zaidi, na anayeliuza gunia akubali kuandika jina lake juu yake.